Shajara ya mradi: kinga ya virusi kwenye kompyuta zenye Windows na Ubuntu, Nyegezi, Mwanza

Jumatatu, 12 Januari 2026

Leo ni sikukuu ya Mapinduzi, madarasa yamefungwa, na chumba cha mafunzo kimepata utulivu wa kutosha kuanza kazi bila kumwondoa mtu kwenye kiti chake. Kompyuta za chumba hiki zina mifumo endeshi miwili juu ya diski moja: Windows kwa darasa la asubuhi, linalojifunza kuandika nyaraka, kutengeneza majedwali na kuweka hesabu za duka, na Ubuntu 24.04 kwa darasa la jioni, linalojifunza kuandika programu. Kati ya mifumo hiyo ipo sehemu ya tatu ya diski, iliyoumbizwa kwa NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows, ambao Ubuntu nayo huusoma) na kupewa jina la Kazi, ambamo wanafunzi wa zamu zote mbili huhifadhi mazoezi yao. Mmiliki wa kituo amenikabidhi jukumu kwa maneno machache: "Fundi, tafuta antivirusi moja ya uhakika, ilinde mashine nzima, bei tutaongea."

Antivirusi ya namna hiyo haiuzwi popote, na nimemweleza hivyo kabla ya kugusa chochote. Programu ya kinga hufanya kazi pale tu mfumo endeshi ulioibeba unapokuwa macho. Mwanafunzi wa jioni akishawasha Ubuntu, Microsoft Defender, antivirusi inayokuja na Windows yenyewe, inabaki kuwa mafaili yaliyolala kwenye diski, haioni linaloingia wala linalotoka. Asubuhi mambo hugeuka: Windows huamka, na chochote kilichosakinishwa upande wa Ubuntu hakina sauti. Mfumo uliolala hauwezi kujilinda, lakini mafaili yake yanaweza kufikiwa na ule ulioamka, kwa wema au kwa ubaya. Mradi huu utajengwa juu ya jambo hilo: nani yuko macho wakati gani, na anaruhusiwa kugusa nini cha mwenzake.

Jumanne, 13 Januari

Kabla ya kubadilisha mpangilio wowote nimefanya jaribio kwa faili la EICAR. Hili ni faili la majaribio lenye mstari mmoja wa herufi 68, lisilo na madhara yoyote, ambalo watengenezaji wa programu za kinga wamekubaliana kulitambua kana kwamba ni kirusi. Nikiwa Ubuntu niliweka nakala moja ndani ya Kazi na nyingine ndani ya folda binafsi ya mtumiaji, kwenye sehemu ya ext4, yaani mpangilio wa mafaili wa Ubuntu. Hakuna kilichotokea, kama nilivyotarajia, kwa sababu hakukuwa na mlinzi upande huo. Nilisakinisha ClamAV, antivirusi ya bure inayofanya kazi ndani ya Ubuntu, nikaiagiza ikague sehemu zote mbili, na ikazitaja nakala zote mbili.

Kisha niliwasha Windows. Nilipofungua Kazi, Defender iliipeleka nakala ile karantini, yaani mahali pa kutengwa, mara moja. Nakala iliyokuwa kwenye ext4 haikuigusa, kwa kuwa Windows kwa kawaida haisomi ext4. Kwake ile ni sehemu ya diski isiyo na herufi wala jina. Kwa hiyo mtu anayeamini kwamba Defender inakagua diski yote kwa vile imemwandikia kuwa ukaguzi kamili umekwisha, anaamini kitu ambacho Defender yenyewe haijasema.

Mashine moja, ile ya karibu na dirisha, imetoa jibu tofauti. Defender yake ilikuwa imewashwa, alama zake (maelezo ya virusi inavyovitambua) zilikuwa mpya, rangi ya kijani ya kuonyesha usalama ilikuwa mahali pake, lakini faili la EICAR lilikaa ndani ya Kazi bila kuulizwa. Nimeiwekea karatasi ili isitumike hadi nijue sababu.

Alhamisi, 15 Januari

Sababu imepatikana kwenye orodha ya misamaha ya Defender, yaani mahali pa kuieleza programu ni folda zipi isizikague. Sehemu nzima ya Kazi ilikuwa imeandikwa humo. Amri ya Get-MpPreference, ikiendeshwa na msimamizi ndani ya PowerShell (dirisha la Windows la kuandikia amri), huionyesha orodha hiyo mara moja, na nadhani kila fundi anayepokea kompyuta ya watu wengi angeanza hapo kabla ya kuangalia rangi ya kijani. Chanzo kilikuwa ndani ya Kazi yenyewe: programu ya kuchorea mabango iliyovunjwa leseni, pamoja na faili la maelekezo linalomtaka mtumiaji aiweke folda hiyo kwenye misamaha ndipo asakinishe. Maelekezo ya aina hii ni ya kawaida kwenye programu za kraki, na anayeyafuata humfungulia mgeni mlango kisha akamwomba mlinzi ageukie ukutani.

Niliikagua folda hiyo kutokea Ubuntu, wakati Windows imezimwa kabisa. Hapa ndipo mifumo miwili inapokuwa faida. Kirusi cha Windows kinachojificha kwa kuingilia majibu ya mfumo endeshi hakina cha kuingilia mfumo huo ukiwa umelala. Faili linabaki faili, na anayelisoma ni mfumo ambao kirusi hakijui hata kuzungumza nao. ClamAV iliyataja mafaili mawili ndani ya folda hiyo, yakaondolewa pamoja na programu yenyewe. Baada ya hapo nilifuta msamaha, nikarudi Windows na kuendesha ukaguzi kamili wa Defender, kwa kuwa ukaguzi wa kutoka nje hautoshi pale ambapo kuna uwezekano kwamba kitu kimeshaandikwa ndani ya rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows.

Mashine nyingine ilikuwa na antivirusi ya majaribio iliyokwisha muda wake. Ikiwapo antivirusi ya kampuni nyingine, Defender hujiweka kando, na hii iliyokwisha muda ilikuwa imekalia kiti bila kufanya kazi. Imeondolewa, Defender imerudi.

Jumamosi, 17 Januari

Mwanafunzi wa darasa la jioni amenifuata akiwa na daftari mkononi. "Shikamoo, fundi. Kazi yangu naiona, lakini kuhifadhi inakataa." Nilipomwitikia na kukaa kwenye mashine yake, niliona kwamba Ubuntu ilikuwa imeifungua Kazi kwa kusoma tu.

Tatizo hili si la virusi, lakini lisipotatuliwa kinga yote ya upande wa Ubuntu ni bure. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Windows imekuja na kitu kinachoitwa Fast Startup. Mtumiaji akibonyeza kuzima, Windows hufunga programu zake lakini huhifadhi kerneli, yaani kiini cha mfumo, kwenye diski ili kesho iwake upesi, na sehemu zote za NTFS ilizokuwa imezifungua huachwa katika hali ya kutokamilika. Ubuntu ikikuta hali hiyo hukataa kuandika, na inafanya vyema, maana ikiandika, Windows itaamka na kumbukumbu ya zamani ya diski iliyobadilika, na mafaili yanaweza kuharibika. Kwa mlinzi maana yake ni kwamba ClamAV inaweza kumtaja mhalifu lakini haiwezi kumshika, kwa sababu haina ruhusa ya kumwondoa alipo. Yapo maelekezo mitandaoni yanayomtaka mtu alazimishe kufungua sehemu hiyo kwa kufuta kumbukumbu ya usingizi ya Windows. Sikuyafuata na sitayafuata kwenye mashine za watu.

Nimeendesha amri ya powercfg /h off kwa haki za msimamizi kwenye kila mashine. Amri hiyo huondoa usingizi wa diski pamoja na Fast Startup, na hufuta faili kubwa la hiberfil.sys, hivyo diski ndogo zimepata nafasi pia. Windows sasa inachelewa kidogo kuwaka, na mwalimu wa asubuhi ameshalalamika. Nimemwomba radhi na sikubadilisha kitu.

Ikumbukwe kwamba umeme ukikatika ghafla Windows ikiwa wazi, matokeo hufanana: Kazi inaweza kubaki na alama ya kutofungwa vizuri, na dawa yake ni kuwasha Windows, kuendesha chkdsk (amri ya kukagua na kurekebisha diski), kisha kuzima kwa utaratibu.

Jumatano, 21 Januari

Leo imeletwa flashi iliyostahili kuangaliwa kwa karibu. Mwenyewe ni kijana wa darasa la asubuhi anayemwekea mama yake hesabu za dagaa wa Mwaloni, Kirumba, na alisema majedwali yake yote yamepotea, imebaki alama moja tu ya njia ya mkato yenye jina la flashi ileile.

Niliichomeka kwenye mashine iliyowashwa Ubuntu. Hapo palionekana vitu viwili. Cha kwanza ni faili la njia ya mkato lenye kiambishi .lnk, ambalo kwa Windows ni amri na kwa Ubuntu ni faili lisilo na kazi. Cha pili ni folda isiyo na jina. Kwa kweli ilikuwa na jina, ila jina lenyewe ni herufi moja ya nafasi isiyokatika, ambayo jicho haliioni, na folda nzima ilikuwa imewekewa sifa za kufichwa na za mfumo, ambazo Windows huziheshimu na Ubuntu haizijali. Ndani yake yalikuwamo majedwali yote, mwezi hadi mwezi, pamoja na faili dogo la hati ya maagizo. Nilipoisoma njia ya mkato kwa kihariri cha maandishi, kati ya herufi zisizosomeka palikuwa na jina la cmd.exe (programu ya Windows ya kuendesha amri), likifuatiwa na jina la hati ile, kisha agizo la kufungua folda. Mtu akibofya, kirusi huendeshwa kwanza na folda hufunguka baadaye, hivyo haoni tofauti na huendelea kuibeba flashi hiyo kutoka steshenari hadi steshenari. ClamAV iliitambua hati lakini haikusema lolote kuhusu njia ya mkato, na hilo limenithibitishia kwamba ukimya wake si cheti cha usafi. Majedwali yamenakiliwa, flashi imeumbizwa upya, kijana amerudishiwa mali yake.

Kuanzia sasa flashi yoyote ya kutoka nje itafunguliwa kwanza kwenye mashine ya mapokezi, ambayo haitakuwa na Windows kabisa. Kumtaka mtu awashe upya kompyuta kila inapokuja flashi hakuwezekani. Watu wangefanya siku ya kwanza na kuacha siku ya pili. Nimeondoa pia Wine kwenye mashine zote za Ubuntu. Wine huwezesha programu za Windows kuendeshwa ndani ya Ubuntu, na baadhi ya virusi vya Windows huendeshwa nayo vilevile.

Lipo jambo jingine ambalo sikuliona likielezwa mara nyingi. Mtu akipakua faili kutoka mtandaoni akiwa Windows, kivinjari huliandikia faili hilo alama ya asili yake, na alama hiyo hukaa pembeni ya faili ndani ya NTFS. Kwa kuisoma, SmartScreen, kichujio cha Windows, hutoa onyo, na Word huzuia makro, yaani amri ndogo zilizomo ndani ya nyaraka. Faili lililopakuliwa kwa Firefox ndani ya Ubuntu na kuwekwa kwenye Kazi halina alama hiyo, na lililotoka kwenye flashi yenye mpangilio wa mafaili wa FAT32 haliwezi hata kuibeba. Asubuhi Windows hulikuta ndani ya diski yake na kulihesabu kuwa la nyumbani. Defender bado italikagua, lakini onyo moja zima limerukwa bila mtu kukusudia. Kwa sababu hiyo nimeagiza kwamba kisakinishi cha programu ya Windows kipakuliwe ndani ya Windows, na nyaraka zenye makro zisipitishwe kupitia Kazi.

Jumanne, 27 Januari

Swali la leo lilikuwa kama ClamAV ikae macho muda wote au iitwe inapohitajika. Uwezo wa kukagua faili linapofunguliwa upo, lakini huhitaji huduma ya ClamAV iitwayo clamd ibaki imepakia alama zote ndani ya RAM, na alama hizo peke yake huchukua zaidi ya GB 1. Mashine zetu nyingi zina GB 4. Nilijaribu kwenye mojawapo. Kihariri cha programu na kivinjari vilipofunguliwa pamoja, mashine ilianza kujivuta, na darasa la programu lisingevumilia. Nimeamua ukaguzi ufanyike kwa ratiba, usiku baada ya darasa, ukihusu Kazi na folda binafsi, na matokeo yaandikwe kwenye faili la kumbukumbu. Mafaili yanayoshukiwa ndani ya Kazi huhamishiwa karantini. Sehemu ya C ya Windows hukaguliwa kwa kusoma tu, bila kuondoa chochote, kwa kuwa kosa moja la utambuzi dhidi ya faili la mfumo linaweza kuifanya Windows isiwake asubuhi.

ClamAV ina kikomo cha ukubwa: kwa matoleo ya sasa, faili linalozidi MB 100 huachwa lisipoongezewa kikomo hicho, na taarifa ya mwisho haisemi waziwazi kwamba limeachwa. Nimeongeza agizo la kutoa tahadhari faili likizidi kikomo, ili mwenye kusoma taarifa ajue kipi hakikuguswa.

Kuhusu bando, kila mashine kupakua alama zake peke yake kungekuwa upotevu, na seva za ClamAV huweza kuizuia anwani inayoomba mno. Mashine ya mapokezi ndiyo inayopakua, nyingine huchukua kwake kupitia mtandao wa ndani.

Saa nazo zimerekebishwa. Windows huichukulia saa ya ubao mama kuwa ni saa ya Afrika Mashariki, Ubuntu huichukulia kuwa ni UTC (saa ya kimataifa), hivyo kila mtu alipobadilisha mfumo saa ilipotea kwa masaa 3, na kumbukumbu za ukaguzi zikawa hazisomeki kwa mfuatano. Sasa Windows imeelekezwa kutumia UTC kupitia rejista.

Alhamisi, 5 Februari

Leo ni zamu ya ruhusa za watumiaji. Mwanafunzi mwenye haki za sudo, yaani za msimamizi, ndani ya Ubuntu anaweza kufungua sehemu ya C na kusoma, kubadilisha au kufuta faili lolote la Windows, ikiwamo Defender yenyewe, kwa sababu ulinzi wa ruhusa za Windows husimamiwa na Windows, nayo wakati huo imelala. Hakuna antivirusi inayozuia hilo. Akaunti zote za wanafunzi zimeondolewa kwenye kundi la sudo, na Ubuntu sasa itawadai nywila ya msimamizi wakijaribu kufungua sehemu ya ndani ya diski. Upande wa Windows wanatumia akaunti za kawaida.

Mwalimu mkuu aliuliza kwa nini tusisimbe diski zote kwa BitLocker, nyenzo ya Windows ya kufunga diski kwa ufunguo. Ni swali la haki. Sehemu iliyosimbwa haisomeki kutoka Ubuntu bila ufunguo, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kuichezea, lakini vilevile ClamAV haiwezi kuikagua. Kwa mashine za darasa nimechagua kuacha bila kusimba ili ukaguzi wa nje uendelee. Mashine ya ofisi, yenye taarifa za ada na majina ya wanafunzi, imesimbwa, na ufunguo wake wa urejeshaji wenye tarakimu 48 umechapwa na kufungiwa kabatini, kwa kuwa mabadiliko ya mpangilio wa uwakaji yanaweza kuifanya BitLocker iudai bila taarifa.

Secure Boot, kinga inayokubali vipakizi (programu za kuwasha mfumo) vyenye sahihi inayoaminika tu, ilikutwa imezimwa kwenye baadhi ya mashine. Aliyeizima alikuwa na sababu: sasisho la Windows la tarehe 13 Agosti 2024 liliongeza kanuni zilizokataa vipakizi vya zamani vya Linux (familia ya mifumo ambamo Ubuntu imo), na watu wengi wenye mifumo miwili walikuta ujumbe wa kushindwa kuthibitisha data ya SBAT, yaani taarifa za matoleo ya vipakizi. Kuzima Secure Boot kulikuwa njia ya haraka, ila ikiachwa hivyo huacha wazi hatua ile ya kwanza kabisa, kabla mfumo wowote haujaamka. Tishio hilo si la nadharia: programu hasidi ya BlackLotus, inayoshambulia hatua hiyo, ilielezwa hadharani mwaka 2023 kwa upande wa Windows, na Bootkitty mwaka 2024 kwa upande wa Linux. Nimesasisha shim na GRUB, vipakizi vya Ubuntu, kwanza, kisha nikawasha Secure Boot, mashine moja baada ya nyingine. Zote zimewaka pande zote mbili.

Jumanne, 10 Februari

Leo ni Jumanne ya pili ya mwezi, siku ambayo Microsoft hutoa masasisho. Kwenye mashine zenye Windows 11 imedhihirika kero ndogo: sasisho huwasha upya kompyuta, menyu ya GRUB hutokea, sekunde hupita, na Ubuntu huwaka, huku sasisho limekatika katikati. Ukaguzi wa Defender Offline, unaofanyika baada ya kuwasha upya na kabla Windows haijafunguka, hukwama kwa namna hiyohiyo. Nimeiwekea GRUB mpangilio wa kukumbuka chaguo la mwisho, kwa hiyo aliyekuwa Windows hurudishwa Windows.

Mashine ambazo hazina TPM 2.0, chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11, zimebaki na Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Alama za Defender kwa Windows 10 zimetangazwa kuendelea hadi Oktoba 2028, lakini alama mpya haziwezi kuziba tundu la mfumo ambao haupokei tena viraka. Upande wa Windows wa mashine hizo umekatwa intaneti. Nyaraka na majedwali havihitaji mtandao. Alama za Defender zitaletwa kwa faili la mpam-fe.exe, ambalo hupakuliwa kutoka tovuti ya Microsoft ndani ya Ubuntu na kuwekwa kwenye Kazi. Kwa kuwa linavunja agizo langu la tarehe 21 Januari na halina alama ya asili, msimamizi atafungua sifa za faili na kuhakiki sahihi ya kidijitali ya Microsoft kabla ya kuliendesha.

Nimewaandikia walimu utaratibu wa asubuhi: Windows ikiwaka baada ya kulala muda mrefu, alama zisasishwe kabla ya flashi yoyote kuchomekwa, maana wakati huo ndipo Defender inapokuwa na taarifa za zamani kuliko siku zote.

Kilichobaki ni vyeti vya Secure Boot vya mwaka 2011, vinavyoanza kuisha muda Juni 2026. Mashine za Windows 11 zitapokea vipya kupitia masasisho. Kwa zile zilizokatwa intaneti itabidi nikague kama masasisho ya BIOS (programu ya ndani ya ubao mama) yapo kwa kila muundo, na orodha ya miundo hiyo nimeanza kuiandika leo jioni.